Waliosubiri Kumeza Mpira

Chumba chetu cha kupimia tumbo kiko mwisho wa korido, hospitalini Njombe. Ni chumba kidogo chenye dirisha moja, na mwaka ule dirisha lenyewe lilikuwa halifunguki vizuri kwa sababu mbao zake zilivimba kwa unyevu. Nilifanya kazi humo nikiwa muuguzi, pamoja na muuguzi mwenzangu mmoja na daktari mmoja, ambaye ndiye pekee aliyesomea kazi ile. Kitaalamu kipimo chetu kinaitwa endoskopi. Wagonjwa wanasema wamekuja kumeza mpira, na hawajakosea. Ni mpira mrefu mweusi, mwembamba kama kidole, wenye taa na kamera kwenye ncha. Unapita mdomoni, unashuka kooni mpaka tumboni, na daktari anatazama kwenye skrini kilichoko huko ndani.

Kabla ya korona tulipima kila siku ya kazi, na kila asubuhi benchi la nje lilikuwa limejaa. Walikuja wa Njombe mjini na wa Makambako, wa Makete kule juu kwenye baridi, na wengine wa mwambao wa Ludewa waliosafiri kutwa nzima. Wengi walikuwa na vidonda vya tumbo au kiungulia. Wachache walikuwa na lile tatizo ambalo sisi tunaofanya kazi huku tunalijua kuliko tunavyopenda: chakula kinaanza kukwama kooni, kwanza nyama, halafu ugali, halafu hata uji, na ukitazama kwa kamera unakuta uvimbe.

Mtu akimeza mpira anakohoa. Anacheua, machozi yanamtoka, na hewa ya tumboni inampiga daktari usoni. Tuliona ni sehemu ya kazi. Kisha mwenzangu alianza kukohoa siku ya Jumanne. Ijumaa akawa hawezi kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi, na Jumapili akalazwa kwenye wodi ambayo hata ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, amefunikwa uso na barakoa ya oksijeni. Aliniinulia mkono kidogo. Nami nikainua wangu, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Alipona, lakini chumbani kwetu hakurudi kwa miezi mingi.

Wiki iliyofuata daktari aliniita. Yeye ni mtu wa Ludewa, mpole, asiye na maneno mengi.

"Sista," alisema, "magauni ya kujikinga yaliyobaki ni machache. Tutapima Jumatatu na Alhamisi tu. Watu watatu kwa siku."

"Na hawa walioandikwa?" Nilimwonyesha daftari. Lilikuwa na watu wa miezi miwili mbele.

"Tutawapanga."

"Nani atawapanga?"

Alichukua karatasi akaandika makundi matatu. Kundi la kwanza ni wanaotapika damu, wanaopata choo cheusi kama lami, na wanaoshindwa kumeza. La pili ni waliokonda bila sababu na wenye upungufu wa damu. La tatu ni wengine wote, wenye maumivu, gesi na kiungulia, hawa wapewe dawa na wasubiri. Alinisogezea ile karatasi juu ya meza.

"Wewe unawajua. Utawapigia simu mmoja mmoja, utawauliza, utaandika namba mbele ya jina. Ukiwa na shaka niulize."

Nilikuwa nimefanya uuguzi zaidi ya miaka ishirini. Nimeshika watoto waliozaliwa wamekufa, nimeosha maiti. Lakini hakuna kitu kilichonitisha kama karatasi ile, kwa sababu wale waliokufa sikuwachagua mimi.

Nilianza kupiga simu asubuhi ileile. Nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, daftari magotini, kwani pale ndipo mtandao ulishika vizuri. Wapo walioshukuru kuambiwa wasije. Watu walikuwa wanaogopa hospitali kuliko ugonjwa. Kila kijiji kilikuwa na habari ya mtu aliyeingia wodini na kifua akatoka ndani ya sanduku. Nyumbani walikuwa wakijifukiza kwa majani ya mkaratusi na malimao, na wengine waliniambia nami nijifukize. Wapo waliokasirika. Mwanamke mmoja wa Bulongwa hakukasirika wala kushukuru. Alisema choo chake kilikuwa cheusi wiki ya pili sasa na alidhani ni kwa sababu ya mboga za majani. Nilimwandika kundi la kwanza.

Jina la mwalimu wangu lilikuwa ukurasa wa tatu.

Alinifundisha tangu darasa la tano mpaka la saba, katika shule ya kijijini nje ya mji wa Njombe, Hisabati na Kiswahili. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na alikuwa akiingia darasani tunasikia sakafu. Ndiye aliyekwenda kwa baba yangu mara mbili kumwambia kwamba niendelee na sekondari. Alipostaafu alihamia Makambako, kwao mkewe, akaanza kuotesha miche ya parachichi nyuma ya nyumba na kuiuza. Aliandikishwa kwetu kabla ya korona kwa sababu chakula kilikuwa kinamkwama mara mojamoja.

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo," nilimsalimu, kwa lugha ya kwetu kwanza.

"Marahaba. Naongea na nani?"

Nikajitambulisha.

"Aa, wewe. Uliyekuwa unaandika herufi zimelala."

Nilicheka. Nikamweleza hali ilivyo, kisha nikamuuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wote. "Ile shida ya koo ikoje, Mwalimu? Unameza?"

"Nameza."

"Hujatapika damu?"

"Sijatapika."

"Na choo?"

"Choo ni choo, mwanangu. Watu ni wengi kwenye hilo daftari lako?"

"Wengi, Mwalimu. Na tunapima watatu tu kwa siku."

"Basi nisogeze nyuma. Waanze wenye hali mbaya. Mimi nipo tu na miche yangu."

Niliandika tatu mbele ya jina lake, na nakumbuka nilijisikia vizuri. Katika asubuhi nzima ya kunung'unikiwa, nilikuwa nimempata mtu mmoja aliyefanya kama mtu mzima anavyopaswa kufanya.

Sehemu inayofuata ndiyo inayoniumiza kuisimulia. Nilimfanya mfano. Mgonjwa akigomba kwenye simu kwamba amesubiri vya kutosha, nilikuwa namwambia, "Kuna mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzima kuliko wewe, amejitoa mwenyewe ili wengine wapite." Wengi walinyamaza waliposikia hivyo. Nilimsimulia daktari, nikamsimulia mwenzangu alipoanza kupata nafuu, nikasimulia hata kanisani. Huenda nilisema maneno yale mara kumi, huenda zaidi.

Baada ya wiki tano niliwapigia tena wa kundi la tatu. Mwalimu alichelewa kupokea. Sauti yake ilikuwa na majimaji, kama mtu mwenye kitu mdomoni. Niliisikia. Leo nasema kwamba niliisikia, ingawa siku ile nilijiambia ni mtandao wa Makambako na upepo wake.

"Mwalimu, bado unameza?"

"Nameza. Wasalimie huko."

Akakata. Nikaandika tatu tena.

Mwezi mmoja baadaye mdogo wangu alijifungua Makambako, na Jumamosi moja nikapata ruhusa kwenda kumwona. Nilipomaliza kumshika mtoto na kunywa chai niliona si vizuri kurudi Njombe bila kupita kwa mwalimu. Nilinunua sukari na majani ya chai. Sikupiga simu kwanza. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali na upepo wenye vumbi kama kawaida ya Makambako. Nilikuwa nimevaa barakoa.

Nyuma ya nyumba, kando ya viriba vya plastiki vyenye miche, vilivyopangwa mistari, alikaa mzee kwenye kigoda. Alivaa koti kubwa na kofia ya sufu. Shingo yake ilikuwa imetoka kwenye kola kama mti mkavu. Nilidhani ni kaka mkubwa wa mwalimu, au baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Samahani, namuulizia Mwalimu. Yupo?"

Alikuwa na kopo la maziwa ya unga mkononi. Aliliinua mdomoni akatema mate, polepole, mengi, akajifuta kwa leso. Kisha akanitazama.

"Unamtaka mwalimu gani?"

Nikataja jina.

"Ndiye huyu."

Nakumbuka mfuko wa sukari ulianguka ukapasuka, na kwamba nilichutama nikaanza kuizoa kwa viganja pamoja na mchanga, kama vile hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Nilikuwa nimemuuliza mtu aliyenifundisha miaka mitatu kama yeye mwenyewe yupo. Nilipoinua uso na kushusha barakoa alinitambua, akatabasamu, na meno yake yalionekana makubwa mno kwenye uso ule.

"Herufi zimelala," alisema.

Nilimshika mkono. Niliivuta ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili nikaiachia, ikabaki imesimama. Mtu asiye na maji mwilini ndivyo ngozi yake inavyokuwa, na hilo tunalifundisha wanafunzi wa uuguzi wiki ya kwanza. Mtu anayetema mate yake kwenye kopo ni mtu ambaye hata mate hayapiti. Hilo pia tunalifundisha.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. Alinikaribisha, akasema ameshapika, nikae nile. Nikamuuliza hapohapo nimesimama.

"Mama, jana alikula nini?"

Alimtazama mumewe kwanza. "Maji ya uji."

"Na juzi?"

"Maji ya uji. Nayo yanarudi."

"Ugali alikula lini mara ya mwisho?"

"Tulipovuna maharage."

Maharage yalivunwa kabla ya simu yangu ya kwanza.

Nilisogea mpaka mwisho wa mistari ya miche nikampigia daktari. Nilimweleza nilichokiona. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Mpeleke kituo cha afya hapo Makambako awekewe dripu leo. Aje Jumatatu."

"Jumatatu ina watu watatu, Dokta."

"Najua. Mwanamama wa Bulongwa amerudi, choo kimekuwa cheusi tena. Kijana wa Lupingu ametapika damu, na ameshaondoka kwao. Na yule mzee wa Ipelele, chakula kinakwama." Alikuwa amewakariri. "Unamtoa nani?"

"Haiwezekani tukapima wanne?"

"Magauni ni matatu, Sista. Ya Alhamisi ni ya Alhamisi."

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe ndiye umemwona. Mimi sijamwona."

Tulimpeleka mwalimu kituo cha afya kwa bajaji, mkewe amemshika upande huu na mimi upande ule. Alikuwa mwepesi. Aliposhushwa nilimbeba karibu peke yangu, mtu ambaye zamani nikisimama mbele yake nilikuwa naona vifungo vya shati tu. Nesi wa zamu alitafuta mshipa mara nne. Dripu ilipoanza kushuka, nikatoka nje kumpigia mzee wa Ipelele.

Sikumuuliza kama anameza.

"Baba, jana jioni ulikula nini?"

"Viazi," alisema.

"Viazi vya kuponda?"

"Vya kuchemsha tu. Na maharage. Nilikunywa chai kusukuma."

"Na juzi?"

"Ugali kidogo. Unakwama lakini unakwenda."

Nikamwambia kwamba nafasi yake ya Jumatatu nimempa mtu mwingine, aje Alhamisi. Nilisikia kuku upande wake.

"Huyo mtu ni nani?"

"Ni mgonjwa, baba."

"Ni ndugu yako?"

Ningeweza kusema hapana na nisingekuwa nimedanganya. Nikasema, "Ni mwalimu wangu wa shule ya msingi."

"Basi ndiyo hivyo," alisema. "Kila mtu ana mtu wake. Mimi sina mtu humo." Hakupandisha sauti. "Nitakuja Alhamisi. Ila nikifa kabla ya hapo, ujue umenipanga wewe."

Sikulala vizuri mpaka Alhamisi ile ilipofika.

Jumatatu mwalimu aliletwa Njombe na mtoto wa dada yake mwenye gari. Tulimpima wa mwisho. Daktari alivaa gauni, barakoa mbili na ngao ya plastiki usoni, iliyokuwa inaota ukungu kila anapopumua. Mimi nilikaa kichwani pa mwalimu, nimemlaza ubavu wa kushoto, nikimwambia, "Vuta pumzi kwa pua, Mwalimu. Taratibu. Usipigane nao." Alinitii kama mwanafunzi. Mpira ulishuka kidogo tu, ukasimama. Kwenye skrini palikuwa na nyama iliyovimba, nyekundu na nyeupe, na katikati kijitundu ambacho hata kalamu ya risasi isingepita. Daktari alikata vipande vitatu vidogo vya kupeleka maabara, akautoa mpira, akatoka nje ya chumba akiwa bado amevaa ngao yake.

Mwalimu alipokaa sawa nilimfuta mdomo. Nilikuwa nimejiambia nisimuulize, nikamuuliza.

"Mwalimu, kwa nini uliniambia unameza?"

Alifikiri. "Uliniuliza, 'Unameza?' Siku ile nilikuwa nameza. Mate nilikuwa nameza. Maji nilikuwa nameza. Swali lako lilikuwa fupi, nikalijibu."

Alisema hivyo bila kejeli, kama anayenirudishia daftari lenye kosa. Nilibaki nimeshika kitambaa. Kwa muda wote ule nilikuwa nimembeba kichwani kama mtu aliyejitoa kwa ajili ya wenzake, na yeye alikuwa amejibu swali.

Nilipotoka koridoni mkewe alinivuta pembeni karibu na ndoo ya kunawia.

"Usimwamini kwa hilo," alinong'ona. "Alikuwa anaogopa. Jirani yetu alikwenda hospitali kwa miguu yake, tukamzika bila kumwona uso. Kila ulipopiga simu alikuwa anatetemeka usije ukamwita."

Basi nilikuwa na sababu tatu za jambo moja. Ya kwanza niliitunga mwenyewe na kuitangaza mpaka kanisani. Sijawahi kujua zile nyingine mbili zilichanganyika vipi ndani yake.

Jioni ileile nilimwambia daktari kwamba lazima kundi la tatu lote lipigiwe upya. Hakuuliza kwa nini. Kesho yake na keshokutwa nilishinda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, simu imechomekwa kwenye chaji ukutani. Sikumuuliza mtu tena kama anameza, wala kama anajisikiaje, kwa sababu watu wa kwetu ukiwauliza wanajisikiaje wanasema wazima kidogo, hata wakiwa wanakufa. Niliuliza jana ulikula nini, juzi ulikula nini, mkanda wa suruali umefunga tundu la ngapi. Kisha nikamwomba mgonjwa ampe simu mtu aliye karibu naye, nikamuuliza yaleyale.

Mama mmoja wa mwambao wa Ludewa alisema anakula samaki kama kawaida. Binti yake alipochukua simu akasema, "Anafyonza mchuzi, dada. Samaki tunakula sisi." Kijana mmoja wa hapa mjini alikuwa ameongeza matundu mawili kwenye mkanda wake kwa msumari. Wote wawili niliwaandika upya. Kila mara nilifuta tatu, nikaandika moja. Hiyo tatu nilikuwa nimeiandika kwa mkono huuhuu, mwandiko mzuri kabisa.

Simu ya mwisho siku ya pili ilikuwa ya mwanamume wa kijiji kimoja cha Makete, aliyekuja kwetu mara moja kabla ya korona na kulalamikia kiungulia. Alipokea mwanamke.

"Namuulizia baba," nilisema, nikataja jina.

"Tulimzika wiki mbili zilizopita."

Niliuliza, nikijua sina haki ya kuuliza, alikuwa anaumwa nini.

"Kifua kilimbana," alisema. "Au tumbo. Alikuwa hali. Hatujui, dada. Siku hizi nani anajua." Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mlikuwa mmempatia nafasi?"

"Hapana," nilisema. "Nilikuwa namuuliza hali tu."

"Asante kwa kumkumbuka."

Nilikaa pale na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata. Mfagizi aliingia, akaniangalia, akatoka bila kufagia.

Mzee wa Ipelele alikuja Alhamisi kama alivyosema. Alivaa koti la mvua na hakunisalimia. Mpira ulishuka bila tabu. Daktari alikuta vidonda chini ya koo, vilivyochomwa na asidi ya tumbo, si uvimbe, akampa dawa za miezi miwili. Nilimweleza majibu kwa Kiswahili, kisha mwanawe akayarudia kwa Kikinga ili awe na uhakika. Alipoelewa aliniangalia kwa mara ya kwanza.

"Na mwalimu wako?"

"Ni mbaya, baba."

Alitikisa kichwa, akafunga koti lake. "Pole," alisema. Akaondoka na karatasi yake ya dawa.

Majibu ya vipande vya mwalimu yalisema kile ambacho sote tulikiona. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwenda mbali. Nilimfuata daktari ofisini, nikafunga mlango.

"Ningemwandika moja siku ile ya kwanza, angepona?"

Alivua miwani. Chini ya macho yake palikuwa na alama za barakoa ambazo mwaka ule hazikufutika.

"Sijui, Sista."

"Niambie unavyofikiri."

"Wengi wanapofika kwetu wameshachelewa, hata wasiposubiri siku moja. Huenda na yeye alikuwa ameshachelewa. Huenda hakuwa amechelewa. Nikikwambia moja kati ya hayo nitakuwa nakudanganya." Akavaa miwani. "Na karatasi ile niliiandika mimi. Niliandika 'wanaoshindwa kumeza'. Sikukuambia jinsi ya kuuliza."

Lilikuwa neno la huruma, na halikunisaidia.

Tulimpeleka Mbeya, ambako waliweza kumwekea kibomba cha waya kooni, kinachofunguka chenyewe na kuacha njia ya chakula. Hakiponyi, ila mtu anakula. Mwalimu alipata miezi mitano. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa ananipigia yeye, bila kusubiri nimpigie, na kabla ya salamu ananisomea: jana, viazi vilivyopondwa na maziwa, juzi, ugali laini na mchuzi wa nyama, Jumatano, parachichi, nusu. Mara moja alisema, "Ijumaa nilikula wali, ukakwama, nikanywa soda, ukashuka. Andika." Nilikuwa nikiandika kweli, nyuma ya daftari la hospitali. Mwili haukurudi, lakini sauti ilirudi, na alianza tena kunisahihisha nikikosea upatanisho wa maneno. Hatukuzungumzia tena kwa nini aliniambia anameza.

Jumatano moja simu iliita na namba ilikuwa yake. Nilipokea nikisema, "Leo si Jumamosi, Mwalimu." Aliyekuwa upande wa pili ni mkewe.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache, wamekaa mbalimbali kwenye viti vya plastiki, na mchungaji alisali haraka kwa sababu ya upepo. Wanafunzi wake wa zamani tuliofika tulikuwa sita. Baadaye nilibaki na mjane wake nyuma ya nyumba tukiosha masufuria. Miche ilikuwa imekua, mingine imepitiliza na mizizi imetoboa viriba, maana hakukuwa na mtu wa kuiuza.

Alikuwa akisugua sufuria kwa majivu, hanitazami.

"Ulipopiga ile simu ya kwanza," alisema, "nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nilisikia anavyokujibu. Na nilikuwa nimetoka kumwaga uji aliourudisha."

Niliendelea kusuuza.

"Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nimnyang'anye simu. Nikaurudisha. Na mimi nilikuwa naogopa akienda asirudi. Nikasema ngoja, hata wiki moja tu, niwe naye hapa."

Nilikuwa na maneno mengi ya kazini, yale tunayowaambia ndugu kila siku, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa na mtu aliyeandika tatu. Nikasogea nikachukua sufuria lililofuata, nikaweka majivu, nikaanza kusugua karibu naye.

"Hilo limeungua sana," alisema. "Liloweke kwanza."

Nikaliloweka.